Je, Wajua? Homoni Inayomzuia Mdudu Asikue

Je, wajua kwamba kiwavi ana homoni inayomzuia asiwe kipepeo? Kiwavi huwa nayo tangu anapoanguliwa, na siku inapokauka mwilini mwake ndipo hugeuka. Kwa mdudu, kukua ni kuondolewa breki.

Homoni zenyewe ni mbili kubwa. Ekdisoni hutoa amri moja tu: vua ganda. Homoni ya utoto huamua nani atoke ndani ya ganda hilo. Ikiwa tele, kiwavi hujivua na kutoka kiwavi mkubwa zaidi. Ikiisha, hutoka pupa, na baadaye kipepeo au nondo.

Aliyegundua kwamba amri ya kugeuka hutoka kichwani ni Mpolandi, Stefan Kopeć. Mwaka 1917 alieleza jinsi alivyowafunga viwavi wa nondo kwa uzi katikati ya mwili. Akiwafunga mapema, nusu ya mbele iligeuka pupa na nusu ya nyuma ikabaki kiwavi. Akiwafunga siku chache baadaye, nusu zote mbili ziligeuka. Kisha akawatoa ubongo: waliishi, ila hawakugeuka. Basi ubongo hutoa kitu kinachosafiri kwa damu. Leo jambo hilo linafundishwa shuleni, lakini wakati ule wazo la ubongo kutoa homoni halikuwa na wanunuzi. Kopeć aliuawa na Wanazi mwaka 1941.

Je, wajua kwamba mdudu anaweza kujivua ganda bila kichwa? Vincent Wigglesworth alilionyesha hilo London katika miaka ya 1930. Mdudu wake alikuwa Rhodnius, jamaa wa kunguni kutoka Amerika ya Kusini, anayeeneza ugonjwa wa Chagas. Rhodnius ana hatua tano za utotoni, na katika kila hatua mlo mmoja mkubwa wa damu hutosha: tumbo linapotanuka, ubongo hupata habari, na saa ya kujivua ganda huanza kuhesabu. Wigglesworth alimkata kichwa mara tu baada ya mlo. Mdudu akakaa miezi mingi, hai, bila kujivua. Alimkata mwingine baada ya siku kadhaa. Huyo akajivua kwa wakati wake, maana homoni ilikwisha kutoka.

Kisha akafanya lile linalowakaa watu kichwani. Alichukua wadudu wawili, akawaunganisha kwa nta ya parafini ili damu zao zichanganyike. Mchanga wa hatua ya kwanza, aliyeunganishwa na mkubwa wa hatua ya tano aliyekaribia kukomaa, aliruka hatua zote za katikati akawa mdudu mzima mdogo ajabu, mwenye mabawa ya kitoto. Ukigeuza mambo, damu ya mchanga ikamwingia mkubwa, unapata jitu: tunutu (mdudu asiyekomaa) wa hatua ya sita, hatua ambayo haipo katika maumbile. Miaka ya baadaye, homoni ilipopatikana kwa wingi, Wigglesworth aliipaka juu ya mgongo wa mdudu kwa mpangilio wa herufi za jina lake. Ganda la utu uzima lilipotoka, VBW ilikuwa imeandikwa kwa ganda la kitoto. Mzaha huo una somo: kila seli huamua yenyewe, kwa homoni iliyoifikia.

Mmoja wa waliosomea wadudu chini ya Wigglesworth pale Cambridge alikuwa Mkenya, Thomas Odhiambo. Alichunguza nzige wa jangwani na tezi zinazotoa homoni ya utoto. Mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi.

Gramu ngapi za ekdisoni ziko ndani ya nusu tani ya pupa wa hariri? Hata moja haifiki. Mwaka 1954 Adolf Butenandt na Peter Karlson wa Ujerumani walisindika kilo 500 za pupa wakaambulia miligramu 25. Umbo lake kamili halikujulikana hadi 1965.

Wadudu hawawezi kujitengenezea kolesteroli kuanzia mwanzo. Binadamu anaambiwa na daktari aipunguze. Mdudu akiikosa kwenye chakula hapati malighafi ya ekdisoni, na bila ekdisoni hajivui.

Jeni zinazotengeneza ekdisoni kwenye inzi wa matunda zinaitwa jeni za Halloween. Zimo phantom, spook, disembodied, shadow na shade. Viinitete vyenye kasoro kwenye jeni hizo hufia ndani ya yai bila ganda la kueleweka, na waliovichungulia kwa darubini waliona mizimu. Wanabiolojia wa inzi ndio watu pekee wa sayansi ninaowaamini kazi ya kutoa majina.

Ushahidi wa kwanza kwamba homoni huzungumza na jeni moja kwa moja ulitoka kwa wadudu pia. Mwaka 1960 Ulrich Clever na Karlson waliwachoma ekdisoni lava wa Chironomus, jamaa wa wale wadudu wa ziwani wanaofunga anga Ziwa Victoria. Kromosomu zao ni nene kiasi cha kuonekana vizuri kwa darubini ya kawaida. Muda mfupi baada ya sindano, sehemu maalumu za kromosomu zilivimba: jeni zilikuwa zimeamka.

Sasa kisa cha karatasi. Katikati ya miaka ya 1960, Karel Sláma alitoka Prague kwenda Harvard kufanya kazi na Carroll Williams, yule ambaye mwaka 1956 alikamua mafuta ya rangi ya dhahabu kutoka matumbo ya nondo dume wa Cecropia, yaliyojaa homoni ya utoto. Sláma alikwenda na wadudu wake wekundu, Pyrrhocoris, aliowafuga miaka mingi bila taabu. Harvard waligoma kukomaa. Badala ya kuwa wadudu wazima, walijivua wakawa tunutu wa hatua ya sita, wengine ya saba, wakafa bila kuzaa. Walibadilishiwa chakula, walibadilishiwa maji, wapi. Mwisho kilichobaki ni karatasi ya kufutia mikono iliyotandikwa ndani ya vyombo vyao. Ilipotolewa, wadudu wakakomaa.

Wakaanza kujaribu karatasi moja baada ya nyingine. New York Times iliwadumaza wadudu, Wall Street Journal pia, na hata jarida la Science. The Times ya London na Nature hazikuwafanya kitu. Tofauti ilikuwa kwenye mti. Karatasi ya Marekani ilitengenezwa kwa msonobari wa balsamu, ambao mbao zake zina kemikali inayojifanya homoni ya utoto kwa jamii hiyo ya wadudu. William Bowers aliitenga mwaka 1966, ikaitwa juvabioni. Mti umesimama msituni pasipo sumu ya kuua mtu, ila mdudu anayeula hapati wajukuu.

Tukishajua homoni ipo, swali linalofuata husahauliwa: inasafirije?

Homoni ya utoto ni mafuta, na damu ya mdudu ni maji. Ikiachwa peke yake hujibandika popote penye mafuta mwenzake, na vimeng'enya vilivyomo kwenye damu huikata na kuiua. Kwa hiyo haisafiri peke yake. Hubebwa na protini maalumu, na kwa viwavi wa tumbaku zaidi ya asilimia 99 ya homoni iliyomo kwenye damu imeshikwa na mbebaji huyo. Inayoelea huru ni tone.

Muundo wa mbebaji wa aina hiyo ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2008, kutoka kwa nondo wa nta, yule yule anayewatia hasara wafuga nyuki kwa kutoboa masega. Ni protini ndefu, na upande mmoja ina shimo jembamba lenye kuta za mafuta. Mwaka 2011 Wajapani walimwangalia mbebaji wa nondo wa hariri katika hali mbili, akiwa mtupu na akiwa na mzigo. Akiwa mtupu, kipande cha protini kilicho mdomoni mwa shimo hucheza-cheza, wazi. Homoni ikizama ndani, kipande hicho huigeukia na kujifunga kama chaza. Homoni yote imemezwa, pamoja na ule mkia ambao kimeng'enya hupenda kuukata. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini homoni kidogo sana inaweza kutoka tezi iliyo nyuma ya ubongo ikafika mwisho wa tumbo ikiwa nzima.

Na wadudu hawakukubaliana kuhusu mbebaji. Nondo hutumia protini ndogo. Nzige hutumia protini kubwa yenye vipande sita vilivyounganika. Mende hubebesha homoni kwenye lipoforini, ile ile inayosafirisha mafuta yao mengine. Mzigo karibu ni ule ule. Magari matatu, na kila moja lina asili yake.

Mbu wa homa ya dengi, Aedes aegypti, ana gari la nne. Mbebaji wake ametoka kwenye ukoo wa protini za mate, zile zinazomsaidia mbu kunyonya damu bila damu kuganda na bila wewe kushtuka mapema. Moja ya protini za ukoo huo ilihama kikazi, ikaacha mate na kuingia kwenye damu ya mbu kushika homoni. Mbu aliyeondolewa protini hiyo pia hupambana vibaya na bakteria. Kwa hiyo mbebaji si mbebaji tu, ana mkono kwenye kinga.

Mchwa nao wamefanya ubebaji kuwa siasa. Mchwa mfanyakazi anaweza kubadilika kuwa askari, mwenye kichwa kikubwa na taya za kung'ata, endapo homoni ya utoto itapanda mwilini mwake. Lakini askari hawezi kujilisha, lazima wafanyakazi wamlishe. Kichuguu chenye askari wengi mno kitakufa njaa kikiwa kimelindwa vizuri. Nani anazuia? Mwaka 2006 watafiti wa Florida walizima jeni za protini mbili za akiba, heksamerini, katika mchwa wa Reticulitermes. Wafanyakazi wengi zaidi wakaanza kugeuka askari. Inaonekana heksamerini huikamata homoni na kuizuia isifike inakoelekea. Mfanyakazi aliyeshiba akaweka akiba ya protini hubaki mfanyakazi. Mimi hilo hunifurahisha kuliko yote katika safu hii: uamuzi wa nani aende jeshini umewekwa kwenye ghala la chakula.

Na ekdisoni je, ina mbebaji? Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba homoni za steroidi hupenya utando wa seli zenyewe, bila kubisha hodi. Mwaka 2018 kikundi cha Naoki Yamanaka huko California kilionyesha kwamba kwenye inzi wa matunda ekdisoni huingizwa na protini ya mlangoni. Ukiiondoa, homoni imejaa kwenye damu na seli hazina habari.

Homoni ikishafika, lazima ipokewe. Kipokezi cha homoni ya utoto kilijulikana kwa njia ya kuchekesha: mwaka 1986 Thomas Wilson aliwalisha inzi wa matunda methoprini, dawa inayoiga homoni hiyo, akatafuta waliosalimika. Jeni iliyowaokoa ikaitwa Met. Ilichukua miaka 25 kukubaliana kwamba Met ndiyo yenyewe, yaani ndiyo inayoishika homoni kwa mkono wake. Kilichosaidia ni mdudu mwekundu wa unga, Tribolium, yule unayemkuta kwenye mfuko wa unga uliosahauliwa. Mwaka 2007 Barbora Konopová na Marek Jindra walizima Met ndani yake, na lava wakageuka pupa kabla ya wakati, wadogo.

Malkia wa nyuki? Lava wake huwa na homoni ya utoto nyingi kuliko lava wa mfanyakazi, katika siku chache tu za kuamua. Baadaye maishani homoni hiyo hiyo humpandisha cheo mfanyakazi, akaacha kulea na kwenda kutafuta maua. Jina la homoni ya utoto limeshapoteza maana, lakini mdudu hana habari na majina yetu.

Nzige mpweke aliye mchanga huwa kijani. Wa kundi huwa wa manjano na mweusi. Ukimchoma wa kundi homoni ya utoto atakuwa kijani, lakini hatakuwa mpweke. Tabia ya kukusanyika huanzishwa na serotonini, kama ilivyoonekana mwaka 2009. Rangi na tabia zina wakubwa tofauti.

Kipepeo Bicyclus anynana, aliyeingia maabara za Ulaya kutoka Nkhata Bay, Malawi, hubadili nguo kwa majira. Wa masika huwa na madoa makubwa ya macho kwenye mabawa, wa kiangazi huwa wa rangi ya majani makavu. Kinachowatenganisha ni joto la wakati wa utotoni na muda ambao ekdisoni inapanda ndani ya pupa.

Mimea imeyajua haya kabla yetu. Spinachi ina ekdisoni nyingi kiasi kwamba wanamichezo huinywa kwa vidonge, na mwaka 2020 shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, WADA, lilianza kuifuatilia. Ageratum, gugu la maua ya zambarau lililojaa mashambani, lina prekosini, inayoharibu tezi ya homoni ya utoto na kumkomaza mdudu kabla ya siku zake; Bowers tena, 1976. Mwarobaini una azadiraktini, inayozuia ubongo usiamuru ekdisoni itoke. Heinrich Schmutterer aliona huko Sudan mwaka 1959 nzige wakila kila kitu na kuiacha miarobaini imesimama. Umbo la azadiraktini lilithibitishwa 1985, na kuitengeneza maabara kuliwachukua kina Steven Ley miaka 22.

Lakini bingwa ni Ajuga remota, mmea mchungu wa Kenya ambao watu huutumia kwa homa. Isao Kubo na Koji Nakanishi, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa utafiti wa ICIPE, walivutiwa nao kwa sababu viwavi jeshi hawaugusi. Viwavi wa maabara walipolishwa dondoo yake, kiwavi alianza kujivua akashindwa kumaliza. Kichwa kipya kilitokea chini ya cha zamani, na cha zamani hakikudondoka. Kisha kikaja cha tatu. Kiwavi mwenye vichwa vitatu vilivyopangana, mdomo wake umefunikwa na maganda mawili makavu, anatembea juu ya chakula asichoweza kukila.

Wenye viwanda walijifunza. Carl Djerassi, aliyekuwa miongoni mwa walioitengeneza dawa ya kuzuia mimba kwa binadamu, mwaka 1968 alianzisha kampuni ya Zoecon kutengeneza dawa za kuzuia uzao wa wadudu, na methoprini ikasajiliwa Marekani mwaka 1975. Mtu mmoja, uzazi wa mpango wa pande zote mbili. Njia ya pili ni ya kuiga ekdisoni. Tebufenozidi haifanani nayo hata kidogo kwa umbo la kemikali, lakini hukaa kwenye kipokezi cha viwavi. Kiwavi huacha kula ndani ya saa chache na kuanza kujivua akiwa hajajiandaa. Nyuki kipokezi chao kina umbo jingine, hivyo hawadhuriki kirahisi.

Dawa ya mbu ni piriproksifeni, inayoiga homoni ya utoto. Shirika la Afya Duniani linaikubali hata kwenye maji ya kunywa, isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Ukiiweka kwenye pipa, usitegemee maiti kesho. Viluwiluwi wataendelea kupanda na kushuka, wakila, wakinenepa, na mwenye pipa atasema dawa ni feki. Wanakufa baadaye, wakiwa pupa, siku ile ambayo homoni ya utoto ilipaswa kuwa imeisha na haijaisha. Mkaguzi anayejua kazi hahesabu viluwiluwi. Huhesabu mbu wanaoruka.

Huko Misungwi, mkoani Mwanza, vyandarua vyenye piriproksifeni vililinganishwa na vya aina nyingine, na matokeo yakatoka 2022. Vilitarajiwa kumtasa mbu jike anayetua juu yake. Havikuonyesha faida ya kudumu juu ya chandarua cha kawaida; vilivyoshinda vilikuwa vya klorifenapiri, ambayo haigusi homoni.

Watafiti wa Ifakara walijaribu jambo jingine, ndani ya vizimba vikubwa vya wavu. Vyungu vya udongo vilipakwa unga wa piriproksifeni ndani, mahali ambapo mbu hupenda kupumzika mchana. Mbu jike hutua, unga ukamshika miguuni, naye akaenda kutaga kwenye maji aliyoyachagua mwenyewe, mengine yakiwa madimbwi ambayo mpuliza dawa asingeyapata. Akitaga, huacha unga. Kwa homoni hizi vipimo vidogo hivyo vinatosha, na mayai ya mbu wengine waliotangulia kutaga hapo nayo yamo ndani ya hesabu.